Kwelikinzani katika Msuko: Mfano wa Dostoevsky

Katika uhakiki wetu, istilahi ya kwelikinzani hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni pambo la lugha tu, ndugu yake tanakuzi. Napenda kuonyesha kwamba mwandishi anaweza kuijenga ndani ya msuko wenyewe. Mfano wangu ni riwaya ya Fyodor Dostoevsky ya mwaka 1866, ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita Jinai na Adhabu.

Mhusika mkuu, Raskolnikov, ni kijana fukara wa St Petersburg aliyeacha masomo ya chuo kikuu. Jina lake linatokana na neno la Kirusi lenye maana ya mfarakano. Hoja yake ni ya kihesabu: akiuawa bikizee mmoja mkopeshaji, anayewanyonya maskini, mali yake itawaokoa wengi. Tena anaamini kwamba watu wachache, mfano wa Napoleon, wana haki ya kuivuka sheria. Hoja hii haikosi mvuto, na tukiicheka mapema hatutaielewa riwaya.

Lakini Lizaveta, mdogo wa bikizee, aliyekuwa akipigwa na kutumikishwa na dada yake, anaingia ghafla. Naye anauawa kwa shoka lilelile. Mnyonge ambaye hesabu ile ilidai kumtetea ndiye anayeangamizwa nayo. Mali iliyoibwa inafichwa chini ya jiwe, wala haimsaidii yeyote.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Sonya, binti aliyeingia katika ukahaba ili kuilisha familia ya baba yake, anamsomea Raskolnikov kisa cha kufufuliwa kwa Lazaro. Agano Jipya analolisoma aliletewa na Lizaveta. Basi muuaji anasikia habari ya ufufuo kutoka katika kitabu cha marehemu wake, kwa kinywa cha mwanamke ambaye jamii imekwisha kumhukumu.

Wapo wanaoshikilia kwamba kukiri kwake kunaumaliza ukinzani. Sikubaliani nao. Anahukumiwa miaka 8 ya kazi ngumu huko Siberia, ambako Dostoevsky mwenyewe alitumikia kifungo kuanzia 1850 hadi 1854. Na kwa muda mrefu kosa pekee analojiona nalo ni kwamba alishindwa, akajisalimisha. Sheria imekwisha kupata haki yake, ilhali dhamiri bado iko kimya. Badiliko linapokuja haliletwi na hoja yoyote: anajikuta tu miguuni pa Sonya, akilia. Usiku huo kitabu kilekile cha Lizaveta kimo chini ya mto wake, na hakifungui.