Ufito wa Bei Rahisi: Je, Wafaa Kununuliwa?

Mtu atakaye kuanza kuvua kwa nzi wa bandia, aingiapo katika duka la zana za uvuvi au atazamapo orodha za bei za watengenezaji wa Marekani na Uingereza, hukutana na jambo la kutatanisha kabla hata hajalowesha nyayo zake mtoni: fito mbili za urefu mmoja na namba moja, zenye umbo lisilotofautiana machoni mwa mgeni, huku mmoja ukiuzwa kwa dola 60 na wa pili kwa zaidi ya dola 900. Hapo ndipo huuliza swali ambalo limewashughulisha wavuvi wengi: ule wa bei rahisi una faida, au ni fedha iliyotupwa majini? Jibu langu, nitakalolieleza pamoja na hoja zake, ni kwamba una faida, tena kubwa, kwa sharti mnunuzi aijue kazi ya ufito, apate kutambua ni wapi urahisi hauna madhara na ni wapi unayo.

Tuanze na kazi yenyewe. Mvuvi wa mshipi tumjuaye pwani hufunga chubwi la risasi karibu na ndoana, na uzito wa chubwi ndio uuvutao mshipi mpaka kilindini. Nzi wa bandia hana uzito wa kuvuta kitu chochote, kwa kuwa ni manyoya machache ya jogoo na uzi mwembamba vilivyofungwa juu ya ndoana ndogo, mfano wa mdudu aliyeanguka majini au apandaye juu kutoka katika mawe ya chini. Mtu mwenye nguvu za kuinua gunia hawezi kumtupa nzi huyo mbali kwa mkono peke yake. Kwa hiyo uzito umetiwa katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umevikwa plastiki laini, na kwenye ncha yake hufungwa uzi mwembamba wa nailoni usioonekana na samaki. Mvuvi aupelekapo ufito nyuma na kuurudisha mbele, uzito wa mshipi huupinda kama upinde uvutwao na mpiga mishale. Na mkono usimamapo ghafula ufito hunyoka, mshipi ukakunjuka hewani, ukamtua nzi juu ya maji pasipo kishindo.

Kwa ajili hiyo kila ufito huandikwa namba juu kidogo ya mpini wake, nayo ni namba ya mshipi uufaao. Mwaka 1961 watengenezaji wa zana wa Marekani walikubaliana kuipima mishipi kwa uzito wa futi 30 za mwanzo, yaani kama mita 9, na mshipi wa namba 5, ambao ndio upendwao zaidi kwa samaki aina ya trauti, ukawekewa uzito wa gramu 9 hivi katika kipande hicho. Ufito wa namba 5 ukifungwa mshipi wa namba 3 hauhisi uzito wa kuupinda, na ukifungwa wa namba 8 hulemewa. Basi ufito wa dola 60 uliopewa mshipi wake halisi utaitimiza kazi yake, ilhali ule wa dola 900 uliopewa mshipi usio wake hautaitimiza. Na hoja hii ndiyo msingi wa mengine yote yafuatayo.

Tukitazama nyuma tutaona kwamba uvuvi huu haukuanza kama anasa ya matajiri. Aelian, mwandishi wa Roma aliyeishi yapata mwaka 200 baada ya Kristo, ameeleza habari za watu wa Makedonia waliovua samaki wenye madoadoa kwa ndoana iliyozungushiwa sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo, kwa ufito wa futi 6 na mshipi wa futi 6 vile vile. Ughali ulikuja na ufundi. Katika miaka ya 1840 Samuel Phillippe, fundi wa bunduki wa mji wa Easton katika jimbo la Pennsylvania, alianza kupasua mianzi vipande vyembamba na kuviunganisha kwa gundi vikawa ufito mmoja. Na baadaye Hiram Leonard wa Maine akaifanya kazi hiyo ya vipande sita kuwa biashara yenye sifa. Mwanzi bora ulitoka kusini mwa China, na kila ufito ulimchukua fundi saa nyingi za kupasua, kupiga randa, kugandisha na kupaka vanishi, hata ikawa bei yake haikaribiwi na mtu wa kipato cha kawaida.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zilitokea fito za nyuzi za kioo, zilizotengenezwa kiwandani kwa wingi, nazo ziliufungulia mlango umma mkubwa wa wavuvi. Kisha katika miaka ya 1960 wataalamu wa ndege wa Farnborough, Uingereza, walipata njia ya kufanyiza nyuzi za kaboni zenye nguvu nyingi na uzito mdogo, na katika miaka ya 1970 kampuni ya Fenwick ya Marekani ikaanza kuuza fito za kaboni. Mwanzoni zilikuwa ghali mno. Walakini elimu haifungiki sandukuni: viwanda vya Korea Kusini na China vilijifunza kazi hiyo, na leo ufito wa kaboni wa bei rahisi ni chombo ambacho mvuvi wa mwaka 1975 angalikihesabu kuwa neema.

Namna ya kuutengeneza ni moja, uwe ghali au rahisi. Kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichokwisha kulowa gundi hukatwa kwa kipimo, kikaviringishwa juu ya chuma chembamba chenye ncha iliyochongoka, kikafungwa utepe kwa nguvu, kikaokwa katika tanuri mpaka gundi igande. Kisha chuma huchomolewa, ukabaki mwanzi mtupu usiotengenezwa na Mungu bali na mwanadamu. Baadaye hukwanguliwa, hupakwa rangi, hufungwa pete za kupitishia mshipi kwa uzi na vanishi, na hutiwa mpini wa lile gome jepesi lifanyizwalo vizibo vya chupa.

Basi hitilafu ya bei yatoka wapi? Sehemu ya kwanza ni kaboni yenyewe: ya daraja la juu ni ngumu zaidi, hivyo fundi hutumia kidogo, na ufito wa futi 9 ukapungua uzito, labda kwa gramu 20 au 30 kuliko ule wa bei rahisi. Pia ufito huo huacha kutetemeka upesi baada ya mkono kusimama, nao mshipi ukaenda njia iliyonyoka zaidi. Sehemu ya pili ni mshahara wa mafundi wa nchi zenye maisha ghali, pamoja na matangazo. Sehemu ya tatu ni dhamana: kampuni nyingi za Marekani huahidi kuutengeneza ufito uliovunjika kwa muda mrefu, na Orvis kwa miaka 25, na gharama ya ahadi hiyo imo ndani ya bei tangu siku ya kwanza. Mtu akaaye Nyeri au Mbeya na afikirie mwenyewe: kipande kilichovunjika kitavuka bahari kwa gharama ya posta, kirudi kwa gharama ya posta na ushuru, na miezi ya kungoja juu yake. Dhamana aliyoilipia ipo kwa haki, lakini haimfai kama imfaavyo aishiye karibu na kiwanda.

Tena faida za ufito ghali huonekana zaidi katika kutupa mbali na mbele ya upepo. Katika mito midogo ya milimani trauti wengi huvuliwa katika masafa ya mita 5 mpaka 12, chini ya matawi ya miti, mahali ambapo nguvu ya kurusha mita 25 haina nafasi ya kutumika. Fauka ya hayo, kaboni ngumu yenye kuta nyembamba huvunjika upesi igongwapo na nzi mwenye kichwa cha madini au ibanwapo na mlango wa gari, ilhali ufito rahisi, wenye kuta nene, huvumilia makosa ya mwanafunzi. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika biashara hii kizuri nacho hutembezwa sana, kwa picha na sifa, na mnunuzi asipofanya hadhari hulipia sifa zaidi ya ufito.

Haya si kusema kwamba kila kilicho rahisi kinafaa. Mnunuzi na auchunguze ufito kwa macho na vidole kabla ya kutoa fedha yake. Auunganishe vipande vyote, aushike mpini, autikise taratibu. Maungio yakigonga au yakilegea auache, kwa sababu maungio yaliyolegea ndiyo yapasukayo. Alaze jicho nyuma ya mpini na kutazama pete kuanzia chini mpaka nchani: zote ziwe katika mstari mmoja. Apitishe kipande cha pamba ndani ya kila pete. Nyuzi zikikwama pana mkwaruzo, na mkwaruzo huo utaula mshipi wake siku kwa siku. Atazame uzi uliofungia pete, asione mapovu wala nyufa katika vanishi. Aubonyeze mpini kwa kucha: gome zuri hurudi, ila lililojazwa unga na gundi hubaki na shimo, na baada ya mvua chache vijazo hivyo hudondoka. Mwisho afunge gurudumu la kukunjia mshipi mahali pake, alivute, ahakikishe kwamba skrubu zimelishika imara. Ufito uliopita mitihani hii, hata ukiwa wa dola 60, ni chombo cha kuaminika.

Baada ya hapo ile fedha iliyookolewa na iende mahali pake, na mahali pa kwanza ni mshipi. Mshipi mbovu, mgumu, unaokumbuka mikunjo ya gurudumu, huuharibu ufito wowote. Mshipi mzuri huuinua ufito wa wastani mpaka juu ya daraja lake. Mahali pa pili ni mafunzo. Lee Wulff, mvuvi mashuhuri wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1991, alipata kumvua samoni akiurusha mshipi kwa mkono mtupu bila ufito wowote, ili kuwathibitishia watu kwamba ustadi umo katika mkono na katika kuufahamu mshipi. Mkewe Joan Wulff, bingwa wa mashindano ya kurusha, alifungua pamoja naye shule ya uvuvi huo katika milima ya Catskill mwaka 1979, na maisha yake yote ameyatumia kufundisha namna mkono unavyoongeza mwendo taratibu na kusimama ghafula. Jambo hilo halinunuliwi dukani. Laweza kutafutwa juu ya majani ya uwanja wa mpira, kwa kufunga kipande cha sufu mahali pa ndoana na kurusha kila jioni, na ufito wa bei rahisi wafaa kabisa kwa mazoezi hayo.

Pana mahali pamoja ambapo sishauri urahisi, napo ni bahari. Chumvi hula pete na skrubu hafifu kwa muda mfupi, na samaki wa baharini hawana huruma. Anayekwenda Shelisheli kumkabili kolekole mkubwa kwa ufito wa namba 12 anahitaji maungio yasiyotetereka, mpini usiozunguka na pete zisizoshika kutu, kwa maana ufito ukivunjika hapo safari nzima imekwisha. Vivyo hivyo kwa wale wanaowavua samaki wa meno makali katika mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero. Uvuvi wa namna hiyo wataka nguvu ya kuinua na kuzuia, na nguvu hiyo hugharimu.

Lakini kwa trauti wa milimani neno langu ni jingine, na sababu yake si ya ufundi peke yake. Trauti hawakuwa samaki wetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yao kutoka Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, kwa ajili ya burudani ya walowezi. Na kwa muda mrefu mtu aliyezaliwa kando ya mto ule aliutazama uvuvi huo kama mchezo wa wengine, wenye vyombo asivyoweza kuvipata. Leo sheria ni ya watu wote: mwenye kibali huvua. Ingekuwa hasara iliyoje iwapo mlango uliofunguliwa na sheria ungefungwa tena na bei! Kijana wa Othaya au Naro Moru anayeambiwa kwamba hatakuwa mvuvi wa kweli mpaka awe na ufito wa dola 900 anadanganywa, na uongo huo wamnyima mto ulio karibu na nyumba yake. Na mto nao hupoteza, maana anayevua humo ndiye wa kwanza kugundua kwamba maji yamepungua, au kwamba dawa za shamba zimeingia, au kwamba miti ya ukingoni imekatwa.

Kwa hiyo anayeanza na anunue ufito wa futi 9 au pungufu kidogo, namba 4 au 5, wa bei aimuduyo pasipo kukopa, alioupima kwa vidole vyake mwenyewe. Aununulie mshipi mzuri wa namba hiyo hiyo. Atafute mwenye maarifa amwelekeze, kisha arushe mpaka mkono uzoee. Baada ya misimu kadhaa, akiona kwamba mkono wake umeupita ufito, na kwamba ajua kwa yakini ni kitu gani anachokitafuta katika ufito mwingine, hapo ndipo ughali utakapokuwa na maana, kwa kuwa atanunua kwa elimu. Na ule wa kwanza ampe jirani anayetaka kujifunza, kwani bado utakuwa na miaka mingi ya kazi ndani yake.