AJALI ZA BARABARANI: NGAMIA AFUNGWE KWANZA

Kila baada ya mazishi ya aliyekufa kwa ajali, neno linalosikika matangani ni moja: "Ni kudra." Neno hilo ni la kweli na Muislamu halikanushi. Lakini, ndugu msomaji, kipindupindu nacho ni kudra, na bado tunachemsha maji na kuchimba vyoo. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Katika safu ya leo tutazame ajali za barabarani kama tunavyotazama maradhi mengine: zina visababishi vinavyojulikana, na zina kinga.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka. Ajali ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, mbele ya maradhi yote. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kati ya mwaka 2010 na 2021 vifo duniani vilipungua kidogo, lakini Afrika viliongezeka.

Hapa Kanda ya Ziwa, madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 utafiti juu ya majeruhi 1,678 wa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao waliumizwa katika ajali za pikipiki. Sehemu zilizoumia zaidi ni mikono, miguu na kichwa. Wengi walikuwa vijana, na karibu mtu mmoja katika kila sita alifariki. Hao ni wale waliowahi kufika hospitali.

Barabara zetu na hatari zake

Anayeishi Tinde, Isaka au Kahama anaijua barabara hiyo. Malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita humo usiku na mchana. Humo humo wamo wapanda baiskeli, mikokoteni ya ng'ombe, matrekta, Hiace na watoto waendao shule. Mwezi Agosti 2022, usiku, huko Mwakata wilayani Kahama, lori, Hiace, gari dogo na trekta vilihusika katika ajali moja, na watu karibu 20 walipoteza maisha.

Upande wa Geita, dhahabu imeleta pilikapilika nyingine. Kutoka Katoro kwenda machimbo ya Rwamgasa na Nyarugusu, bodaboda ndiyo usafiri. Abiria hupandwa watatu au wanne, "mishikaki", pamoja na magunia na madumu. Kwenye barabara za vumbi, lori likipita halionekani kitu mbele kwa muda, na kuna wanaojaribu kulipita lori lenyewe ndani ya vumbi hilo.

Visababishi vikuu

1. Mwendo kasi. Gari likiwa katika kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto, mguu haujafika kwenye breki gari limeshasogea urefu huo. WHO inaeleza kuwa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Ndiyo maana sheria yetu inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwenye makazi ya watu, na mabasi na malori yasizidi 80.

2. Uchovu na usingizi. Dereva aliyekesha, na mchimbaji aliyetoka shimoni alfajiri akapanda pikipiki, wote huweza kusinzia huku macho yakiwa wazi. Mwezi wa Ramadhani tujihadhari zaidi: usingizi umepungua kwa ajili ya daku, na jioni kila mtu anakimbilia futari. Kuchelewa kufuturu kwa dakika kumi njiani ni bora kuliko kutofika.

3. Simu na ulevi. Anayeongea na simu huku akiendesha ana hatari ya ajali mara nne zaidi ya asiyeongea. Kuhusu pombe, bangi na gongo, Muislamu hahitaji utafiti kujua hukumu yake. Lakini anayo haki ya kushuka kwenye chombo cha dereva aliyelewa.

4. Kutoonekana. Mkokoteni usio na taa wala kiakisi mwanga, trekta lililoharibika barabarani, na mtu aliyevaa nguo nyeusi usiku ni mtego.

Kofia ngumu na mapunye

Wengi, hasa kina mama, hukataa kofia ya bodaboda kwa sababu inanuka jasho na wanaogopa mapunye na chawa. Hofu hiyo ina msingi, kwani mapunye huambukizwa kwa kuvaliana kofia. Lakini mapunye yana dawa, na ubongo uliopasuka hauna. Kofia iliyovaliwa sawasawa na kufungwa mkanda hupunguza majeraha ya ubongo kwa hadi asilimia 74. Vaa kitambaa safi au hijabu nyepesi chini yake, bila mafundo wala pini kubwa. Anayepanda kila siku anunue yake. Madereva nao wazifute kwa sabuni na kuzianika juani.

Kinga nyumbani kwetu

• Mama apandapo pikipiki akusanye baibui na ncha za khanga. Nguo ndefu huingia kwenye mnyororo au gurudumu na kumwangusha.
• Mtoto mdogo asitumwe dukani ng'ambo ya barabara kuu.
• Wanafunzi wa madrasa watokao Magharibi watembee pamoja, upande wa kulia wakiyatazama magari yajayo, wamevaa kanzu au mitandio myeupe, na mkubwa mmoja awe na tochi.
• Abiria wa basi, Noah au "mchomoko" amwambie dereva apunguze mwendo. Kunyamaza si adabu.
• Lori la mafuta likipinduka, kimbia mbali nalo. Morogoro, Agosti 10, 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto wa namna hiyo.

Ukikuta ajali

Kwanza zuia magari mengine kwa matawi au tochi, kisha piga simu polisi 112. Majeruhi asiburutwe wala kubebwa mikono na miguu, maana uti wa mgongo ukiwa umevunjika anaweza kupooza maisha. Aondolewe haraka tu kama kuna moto au hatari nyingine. Panapovuja damu gandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia, ukivaa mifuko ya plastiki mikononi kujikinga na damu. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, kichwa na shingo vikisogezwa pamoja na mwili. Asipewe maji wala chakula, huenda akahitaji upasuaji.

Ndugu msomaji, kuondoa kinachodhuru njiani ni katika matawi ya imani. Mti uliowekwa kuonya gari bovu ukaachwa barabarani, jiwe la kuzuia tairi, mkokoteni usio na taa: vyote hivyo ni vya kuondoa. Misikiti iliyo kandokando ya barabara hiyo inaweza kuanza Ijumaa hii hii, kwa kumpeleka mtu mmoja kuwavusha watoto.

Wabillahi Tawfiq.