Tulipobeba kikapu cha mama kutoka Bukirasazi hadi Brussels

Kabla hatujaondoka, kilichotutesa zaidi ya viza kilikuwa siagi. Mama mzazi wa rafiki yangu aliileta mwenyewe asubuhi na mapema, akiwa ameitia kwenye chupa safi na kuifunga kwa kitambaa. Nikalazimika kumweleza, nikiwa nimesimama mlangoni kama mtu mwenye deni, kwamba sheria za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri anayetoka nje kuingiza nyama wala maziwa, na siagi ni maziwa.

"Mama yake ng'ombe huyu ndiye aliyemlea mwanangu," akasema. "Leo siagi yake imekuwa sumu?"

Sikuwa na jibu. Tulichoweza kubeba ni ndagala wakavu, hao ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa, maana samaki wanaruhusiwa mradi wasizidi kilo 20. Na ndizi. Ndizi ni miongoni mwa matunda machache, pamoja na nanasi, nazi na tende, yanayoingia huko bila cheti cha afya ya mimea. Akaongeza unga wa mtama, akapanga vyote ndani ya kikapu alichokisuka kwa mkono wake, akafunika. Chupa ya siagi akaondoka nayo bila kugeuka nyuma.

Bukirasazi iko kusini mwa mji wa Gitega, kwenye vilima vya migomba na maharage. Nilikulia huko pamoja na mwanawe. Tulipokwenda sekondari mjini Gitega tukampata rafiki wa tatu, kijana kutoka Muyinga, mtoto wa mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka wa Kobero kwenda Ngara kutafuta mchele na sukari. Huyo ndiye aliyetufundisha Kiswahili cha sokoni, kwani cha darasani hakikuwepo wakati wetu. Leo watoto wangu wanakisoma shuleni pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, na wananisahihisha.

Yule wa Muyinga alikwenda Ujerumani kusomea uhandisi katika mji wa Aachen, akabaki. Yule wa Bukirasazi aliondoka mwaka 2015, mwaka ambao wasomaji wengi wa Burundi hawahitaji kuelezwa. Sababu zake anazijua mwenyewe. Alifika Ubelgiji, akapewa hifadhi, akatafuta kazi, akaoa. Mimi nikabaki nyumbani. Kwa miaka yote hiyo urafiki wetu ulikaa ndani ya simu.

Wao wawili ndio waliosema: njooni, wewe na mke wako na watoto, tutachangia nauli. Bila mchango huo nisingekuwa na safari ya kusimulia, na sitaki msomaji adhani kwamba familia ya mwalimu na mwandishi wa habari inaamka tu na kwenda kutembea Ulaya. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi chini ya kumi na miwili. Binti yetu ana miaka 13, mdogo wake ana tisa. Piga hesabu: euro 315, na ukikataliwa hazirudi. Ongeza bima ya safari inayofika angalau euro 30,000 kwa kila mtu. Mwenyeji naye lazima aende kwenye ofisi ya manispaa anakoishi, atie saini kwamba atabeba gharama zenu na kwamba mtarudi, kisha athibitishe mshahara wake. Rafiki yangu alisema siku aliyotia saini ile karatasi alijiona kama mkwe anayetoa mahari.

Usiku mmoja angani, asubuhi tukawa Brussels. Alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa wanaowasili, na mimi nilimpita. Nywele zimeingia mvi, mwili umenenepa. Yeye ndiye aliyeniita, kwa jina la utani la shuleni ambalo hakuna mtu mwingine duniani anayelijua. Hatukusema mengi. Alichukua kikapu mkononi mwa mke wangu, akafunua kidogo, harufu ya ndagala ikatoka hadharani mbele ya watu wenye mabegi ya ngozi. Akafunika haraka, akageukia ukutani. Mke wangu aliwavuta watoto wakaangalie mbao za ratiba za ndege.

Jambo moja la ajabu: sikurekebisha saa yangu ya mkononi. Wakati wa kiangazi Ubelgiji na Burundi huwa na saa ileile. Lakini jua la Julai kule linazama karibu na saa nne usiku, na mtoto wetu mdogo alikataa kulala siku tatu mfululizo kwa hoja kwamba bado ni mchana.

Wenyeji walitupeleka Matonge, mtaa ulioko Ixelles uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Nilitarajia kitu kigeni, nikakuta sombe, mihogo, ndizi za kupika, saluni za kusuka nywele na vitambaa vya vitenge, na kelele za kirafiki za Wakongo. Hata ndagala wapo, kwa bei ambayo ukiitaja ufukweni Rumonge utachekwa. Pembeni mwa mtaa huo, karibu na Porte de Namur, kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Binti yangu aliuliza kama upo wa Rwagasore pia. Nikamwambia tusonge mbele.

Siku nyingine tulipanda tramu namba 44 mpaka Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika. Lilianza mwaka 1898, enzi za Mfalme Leopold wa Pili, likafungwa kwa ukarabati wa miaka mitano, likafunguliwa tena Desemba 2018. Vitu vingi mno ni vya Kongo, lakini Rwanda na Burundi nazo zimo. Watoto wetu wamezoea makumbusho ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ambayo ukiyazunguka polepole unamaliza kabla ya chakula cha mchana. Hapa tulitembea mpaka miguu ikauma. Swali la mdogo lilikuwa moja tu, nalo alilirudia kwenye kila kabati la kioo: nani aliwapa?

Sasa nifike kwenye usiku ninaoukumbuka zaidi. Tulikuwa mezani, tumemaliza kula ule ugali wa mtama, na rafiki yangu alikuwa akinionyesha hati yake ya kusafiria, ile wanayopewa wakimbizi chini ya Mkataba wa mwaka 1951. Binti yangu aliichukua akaisoma kwa sauti kwa Kifaransa chake cha shule. Hati inamruhusu mwenye nayo kwenda nchi zote isipokuwa Burundi. Akanyamaza, akauliza: "Kwa nini nyumbani ndiko pamekatazwa?"

Baba mwenye nyumba alijaribu kumjibu. Alisema mtu aliyepewa hifadhi akirudi alikokimbia, ulinzi ule unaweza kuisha. Ni jibu sahihi. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kikapu kilichobaki kitupu juu ya kabati. Mama yake amevuka miaka sabini, na wajukuu wake wawili hajawahi kuwashika.

Tukampigia simu ya picha. Mpwa wake alikuwa amempeleka mpaka kwenye kilima kilichoshika mtandao. Wajukuu walimwambia "amahoro, nyogokuru", wakaishiwa na maneno. Wao ni watoto wa Kifaransa na Kiholanzi. Ikabidi binti yangu akae katikati, Kifaransa kikiingia sikio hili, Kirundi kikitokea mdomoni. Bibi aliuliza kama wanakula vizuri. Wajukuu wakauliza kama ng'ombe ana jina. Mtandao ukakatika kabla ya jibu.

Paris nitaipita upesi, kama tulivyoipita. Treni ya kasi kutoka Brussels ni saa moja na dakika 22. Mnara wa Eiffel ni mrefu, foleni yake ni ndefu zaidi, na chupa ya maji ina bei ya mlo. Kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa nimeshika pasipoti nne mkononi tangu stesheni, nikingoja mtu aziombe, na hakuna aliyeziomba, si kwenda wala kurudi.

Aachen ndiko tulikotulia. Ni mji wa zamani, kanisa kuu lake ndimo alimozikwa mfalme Karolo Mkuu, na rafiki yetu wa Muyinga anauzungumzia kama mtu aliyezaliwa humo. Mkewe ni Mtanzania kutoka Tanga. Kwa hiyo nyumba ile ni ya Kijerumani dukani na ya Kiswahili jikoni, na watoto wetu, ambao Brussels walikuwa wakalimani, hapa walicheza tu. Wenyeji wetu wa Brussels nao walikuja na watoto wao. Meza moja, lugha tano. Utani wote ulipita kwa Kiswahili, kwa sababu shemeji wa Tanga hakukubali kuachwa nje.

Jumamosi walitupeleka Vaals, mwendo mfupi kutoka hapo, mahali Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji zinapokutana. Kuna jiwe la alama. Watoto saba walikuwa wakiruka kutoka nchi hadi nchi mpaka wakachoka. Mahali hapo ndipo penye kilele cha juu kuliko pote katika Uholanzi ya bara: mita 322. Mdogo wangu, aliyezaliwa kwenye vilima vinavyopita mita 1,500, alitazama huku na huku akauliza mlima wenyewe uko wapi.

Wakati wanaruka, sisi watu wazima tulikaa kwenye benchi, na yule wa Muyinga akaanza hesabu. Mama hawezi kupata viza ya kuja huku, na hata akiipata, safari itamwumiza. Mwana hawezi kwenda Burundi. Basi wakutane katikati. Wazo la kwanza lilikuwa Kigali, kwa kuwa ndege za moja kwa moja kutoka Brussels zipo. Lakini mipaka ya nchi kavu kati ya Burundi na Rwanda imefungwa tangu Januari 2024. Tulikaa kimya kidogo. Mtu yeyote anayependa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mimi ni mmoja wao, hujikuta na aibu akieleza jambo hili akiwa amekaa karibu na jiwe lile.

"Baba yangu alipita wapi?" akauliza yule wa Muyinga. "Kobero. Basi apite Kobero."

Kobero, upande wa Muyinga, na Kabanga, upande wa Tanzania, ni kituo cha pamoja cha mpakani: unakaguliwa mara moja, unaendelea. Mrundi haombi viza kuingia Tanzania. Kutoka Kabanga mpaka Ngara ni mwendo mdogo. Mwana naye ataomba viza ya Tanzania kwa hati yake, ashuke Dar es Salaam na wanawe, aende Mwanza, kisha basi. Ni safari ndefu kwa mtoto wa Ixelles. Mimi nilijitolea kumpeleka mama, mradi mafuta yapatikane, kwa maana uhaba wa petroli nyumbani umeshaharibu mipango mingi iliyo midogo kuliko huu. Rafiki yangu hakusema ndiyo siku hiyo. Alisema mpaka aone viza. Lakini kwenye treni ya kurudi Brussels nilimwona akiitafuta Ngara kwenye ramani ya simu, akiikuza, akiipunguza, akiikuza tena.

Tumerudi. Juzi nilipanda kwa mama nikampelekea sweta la sufu, picha za wajukuu, na kikapu chake. Nilimweleza habari za Ngara taratibu, nikiogopa kumpa tumaini litakalovunjika. Aliuliza nauli ya kutoka Gitega hadi Muyinga, na ya Muyinga hadi Kobero. Aliuliza kama atahitaji picha kwa ajili ya hati, na kama anaweza kupigwa akiwa na kilemba. Halafu akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka.

"Na hao wa Tanzania," akasema, "siagi wanaikubali?"

Nikamwambia nitakwenda Kobero kuuliza.