Kisogo cha Mchoraji na Nyuso za Paka Wake

Nilikuwa nikitafuta picha za mashua katika kitabu kikubwa cha chapa za Kijapani, nisiwe na haja yoyote na wanyama, niliposimamishwa na paka mmoja mwenye mabaka meusi na utepe mwekundu shingoni, aliyejikunyata na kuinua macho kama asikiaye mkwaruzo darini. Lililonisimamisha si uzuri wake, maana paka wazuri si haba vitabuni, bali ni maneno yaliyochapwa juu yake, ambayo tafsiri yake iliwekwa pembeni mwa ukurasa. Maneno hayo yalimwarifu mnunuzi kwamba picha ile ni ya ustadhi Ichiyūsai, mtu aliyejaaliwa ufundi wa ajabu katika kuwachora paka, na kwamba aliichora kwa kumtazama paka aliye hai. Kisha yakaahidi kwamba mtu akiibandika nyumbani mwake, panya watakaoiona wataingiwa na hofu wenyewe, watapungua kidogo kidogo hata wasitoke tena, na lau watatoka, hawatathubutu kufanya uharibifu.

Picha hiyo, basi, iliuzwa ifanye kazi. Ilichapwa katika mji wa Edo, ambao tangu mwaka 1868 waitwa Tokyo, yapata mwaka 1841 au 1842, nayo ilikusudiwa ukutani mwa watu wa kawaida, kati ya gunia la mchele na mtungi wa maji, katika nyumba za mbao na karatasi zilizosongamana kiasi cha panya kuweza kusafiri mtaa mzima pasipo kukanyaga ardhi. Jina la Ichiyūsai ni moja katika lakabu za Utagawa Kuniyoshi, bingwa wa picha za mashujaa, na nilipolitambua ndipo udadisi ulipozidi. Kwani mtu aliyekwisha kupata sifa kwa kuchora majemadari na majoka hakuwa na dhiki ya kumfanya akubali jina lake litiwe katika talasimu ya kufukuzia panya.

Wala si yeye wa kwanza kuutia mkono katika biashara hiyo. Katika nchi ya Nitta, kaskazini ya Edo, mabwana wa ukoo wa Iwamatsu, wazawa wa nasaba kongwe ya kivita iliyofilisika ikabaki na heshima tupu, walikuwa wakichora paka kwa wino, vizazi vinne mfululizo, na picha hizo zikabandikwa na wafugaji wa nondo wa hariri, ambao kwao panya ni adui wa kumaliza mapato ya mwaka kwa usiku mmoja. Tofauti ni kwamba paka wa Nitta alikuwa na nguvu kwa sababu ya damu ya aliyemchora, ilhali paka wa Edo alidaiwa kuwa na nguvu kwa sababu amechorwa sawasawa. Dai hilo la pili lina kiburi kikubwa ndani yake, kwani lasema kwamba sanaa ikifikia ukamilifu hata panya ataikiri. Je, Kuniyoshi mwenyewe aliliamini, au alilicheka pamoja na mwenye duka? Maandishi yale hayakutiwa sahihi yake, nami siwezi kumsemea.

Ninaloweza kulisema ni kwamba hakuwa na safari ya kwenda kumtafuta paka wa kumtazama. Kuniyoshi, aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka 1797 kwa kalenda ya Kijapani, mtoto wa mtia rangi za hariri, aliingia karakana ya mchoraji Toyokuni angali kijana, akasota miaka mingi pasipo kujulikana, hata alipotoa mwaka 1827 mfululizo wa mashujaa mia na wanane wa hadithi ya Kichina ya Suikoden, mji mzima ukamjua. Tangu hapo wanafunzi walimjia, na paka nao kadhalika. Hesabu yao haikubaliki baina ya wasimulizi, baadhi yao wakitaja makumi. Bali wote wanaafikiana juu ya jambo moja, kwamba aghalabu alikuwa akichora na kinda la paka, au zaidi ya mmoja, wamelala kifuani mwake katika mkunjo wa kanzu yake ya kimono, vichwa vyao vikichungulia penye ukosi, naye akiwasimulia wanafunzi habari za paka mkono wake ukiendelea na kazi.

Shahidi niliyempenda kuliko wote ni mmoja wa wanafunzi hao, Kawanabe Kyōsai, aliyepelekwa kwa Kuniyoshi mwaka 1837 akiwa mtoto wa miaka saba kwa hesabu ya nchi yake. Alikaa pale muda mfupi tu. Mwalimu huyo, kama Kyōsai alivyokuja kueleza uzeeni, hakumkalisha mtoto kunakili vitabu, bali alimwambia kwamba atakaye kuchora watu wanaopigana na aende akawatazame watu wanaopigana, jinsi mmoja amkamatavyo mwenziwe, jinsi mkono ukunjikavyo, jinsi aliyeanguka anavyojaribu kuinuka. Na mtoto akaitika, akawa akizurura vichochoroni mwa makabwela akitafuta ugomvi wa kuutazama. Somo hilo lilimwingia mpaka mifupani, kwa maana haukupita muda mwingi, katika mwaka 1839, akaokota mtoni kichwa cha mtu kilichokatwa, akakichukua hadi nyumbani ili akichore, na watu wazima walipogundua na kumwamuru akirudishe, alikaa kwanza ukingoni akakikamilisha katika karatasi. Baba yake, ambaye alikuwa askari wa daraja ya samurai na mtu wa adabu zake, aliiona hulka ya mwalimu kuwa ya mitaani mno, akamwondoa mtoto na kumpeleka kwa walimu wa madhehebu ya Kanō, yenye utulivu na heshima. Simlaumu mzazi yule. Walakini mwaka 1887, nusu karne baadaye na miaka miwili tu kabla ya kufa kwake, Kyōsai alipotoa kitabu cha maisha na mafunzo yake, hakuacha kuichora karakana ile ya utotoni: Kuniyoshi yuko kazini, paka mmoja yumo mikononi mwake, wengine wametapakaa kando yake kama wenye nyumba, na mbele yao mtoto mdogo anasomeshwa.

Nimeitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Haina taadhima ya picha za ukumbusho, wala mwalimu hakuwekwa juu ya kiti cha enzi. Na paka hawakutiwa ili kupamba, kwa sababu wamewekwa pale pale ambapo katika karakana nyingine pangewekwa vyombo. Mtoto wa miaka saba husahau mengi yaliyosemwa, lakini hawasahau wanyama waliokuwamo chumbani, na Kyōsai alikuwa na jicho lisilosahau chochote. Kwa ushahidi wake naelewa maana ya lile tamko lililochapwa juu ya paka wa panya, kwamba amechorwa kwa kumtazama aliye hai. Mwalimu aliyempeleka mtoto kwenye ugomvi wa vichochoroni alikuwa na ugomvi wake mwenyewe nyumbani, na usingizi, na wizi wa samaki, na mnyoosho wa mgongo wa asubuhi, yote yakipita mbele ya kalamu yake pasipo kuitwa.

Lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni habari za mauti. Inasimuliwa kwamba paka wake walipokufa, Kuniyoshi hakuwatupa. Aliwapeleka katika hekalu la Ekō-in, lililojengwa mwaka 1657 ng'ambo ya mto Sumida baada ya moto mkubwa wa Edo, kwa ajili ya maiti wasiokuwa na wa kuwazika, na ambalo kwa miaka mingi limewapokea pia wanyama. Hapo hapo lipo jiwe la kaburi la paka lililosimamishwa mwaka 1816, ambalo hadithi yake ni ya mchuuzi wa samaki aliyeshikwa na maradhi na ufukara, na paka aliyekuwa akimlisha akamletea sarafu za dhahabu alizoiba, hata akauawa alipokwenda kuiba tena. Nyumbani kwake Kuniyoshi alikuwa na kijumba cha ibada ya Kibuddha kilichotengwa kwa paka peke yao, chenye vibao vilivyoandikwa majina waliyopewa baada ya kufa, kama wapewavyo wanadamu katika dini hiyo, pamoja na daftari ya marehemu. Sisi wa pwani tumefundishwa kwamba paka si najisi, kwa kuwa ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu, na sahaba mmoja mtukufu amejulikana daima kwa lakabu ya Abu Huraira kwa sababu ya paka wake. Lakini hata kwetu mtu mwenye kuandika daftari ya paka waliofariki angesemwa barazani.

Sasa lipo jambo la kisogo. Kuniyoshi alijichora mara kadhaa, na katika picha hizo mtazamaji hapati uso wake; hupata mgongo, kanzu ya fahari, alama yake ya ua la mti wa kiri, na paka. Iliyo maarufu ni ile ya vipande vitatu ya yapata mwaka 1848, imwonyeshayo mchonga sanamu wa hadithi za kale, Hidari Jingorō, akiwa kazini katikati ya sanamu zake, naye ametupa kisogo, amevaa vazi lenye mandhari ya jahanamu, na paka yu kando yake. Alama ya ua la kiri yatujulisha kwamba huyo Jingorō ni Kuniyoshi mwenyewe. Wajapani walioinunua hawakuhitaji kuambiwa kwa nini amejivika nafsi ya Jingorō kati ya mafundi wote, kwa sababu ndiye anayetajwa kuwa mchongaji wa paka alalaye juu ya mlango wa hekalu la Nikkō, sanamu ndogo ambayo mahujaji hupanda vilima ili waione. Na zile sanamu zilizomzunguka, watakatifu na mashetani, zilikuwa na nyuso za waigizaji wa tamthilia waliopendwa mjini.

Nyuso hizo zilikuwa hatari. Mwaka 1842 serikali ya shogun, chini ya waziri Mizuno Tadakuni aliyetaka kuwarudisha raia katika ubahili na unyofu, ilikataza picha za waigizaji na za makahaba wa daraja, yaani mali iliyowalisha wachoraji wa Edo. Mizuno aliondoshwa mwaka 1843, lakini woga haukuondoka naye; mwaka huo huo picha ya Kuniyoshi ya buibui mkubwa na mashetani yake, ambayo wenyeji waliisoma kuwa ni dhihaka juu ya watawala, ilimtia mchapishaji hofu hata akazirudisha nakala na kuviharibu vibao. Katika hali hiyo paka walifaa sana. Mwigizaji asiyeruhusiwa kuchorwa akiwa mtu aliweza kuchorwa akiwa paka, na pua yake na nyusi zake zikajulikana vile vile na kila mpita njia, wala hakimu asiweze kusema ni sharia gani iliyomkataza paka kuvaa kanzu.

Kutokana na hayo wengi wamesema kwamba paka wa Kuniyoshi walikuwa barakoa. Mimi naiona kauli hiyo kuwa ni werevu uliopita kiasi. Tazama karatasi alizofanya yapata miaka ile ile, ambamo paka wamejipinda, wamekamatana na kupandiana, hata miili yao imekuwa harufi za Kijapani ziandikazo majina ya samaki, mkunga, pweza, sehewa, kambare, bunju, kama vile waandishi wetu wa khati wawezavyo kuikunja basmala ikawa ndege. Hakuna waziri aliyedhihakiwa pale wala mwigizaji aliyefichwa. Pana mtu aliyejua hasa mahali uti wa mgongo wa paka unapoanza kukunjika, naye anajifurahisha. Au tazama mchezo wake wa vituo 53 vya barabara ya Tōkaidō, ambamo kila kituo kimekuwa paka kwa kufanana kwa matamko: mmoja anaburuta vipande viwili vya samaki mkavu, mwingine ana panya kinywani.

Yapo nisiyoweza kuyafungua. Ni nani aliyewalisha paka wale baada ya Kuniyoshi kufariki mwaka 1861, akiwa amekwisha kudhoofishwa na kiharusi? Ile daftari ya marehemu iliishia wapi? Na kwa nini mtu aliyewapa paka majina ya kuzikiwa aliunyima ulimwengu uso wake? Chapa zake, zilizouzwa siku zile kwa bei ya chakula cha rejareja, zilitundikwa katika kuta za Royal Academy mjini London mwaka 2009, na katika majumba ya makumbusho hutunzwa gizani ndani ya makasha, ili nuru isizififishe; hivyo karatasi iliyochapwa kuwafukuza panya sasa yafichwa panya wasiifikie.

Na wale wasemao kwamba paka walizaliwa na amri ya serikali wana deni la kutueleza kijumba cha ibada, kwa kuwa hakuna hakimu anayedanganywa na vibao vya marehemu vilivyowekwa ndani ya nyumba ya mtu. Wana deni pia la tarehe. Amri ilitoka mwaka 1842. Paka wa Kuniyoshi wachezao mpira, waliofanywa kwa mfano wa mwanamichezo aliyetia fora mtaani Asakusa, walikuwa tayari madukani mwaka 1841.