Unapanda mlima na mtoto mgongoni? Angalia haya kabla ya kununua begi

Mtoto wa miaka miwili huanza safari ya mlimani akikimbia mbele ya kila mtu. Dakika kumi baadaye anasimama na kunyoosha mikono juu: "Nibebe." Kilele bado kiko mbali, na mzazi inabidi aamue kama atambeba begani, atamfunga kwa leso au watageuza warudi nyumbani.

Kwa safari kama hizi kuna begi maalumu la kubebea mtoto mgongoni. Lina fremu ya alumini, kiti, mikanda ya mtoto na mkanda mpana wa kiunoni kwa anayembeba. Bei yake si mchezo, na likikosewa linaweza kumuumiza mtoto au mzazi.

Wanunuzi wengi huangalia rangi na idadi ya mifuko. Cha kuangalia hasa ni kama begi linawafaa watu wawili: anayebebwa na anayebeba.

Mtoto yuko tayari?

Swali la kwanza ni hili: mtoto anaweza kukaa mwenyewe bila kuegemea kitu, na shingo yake imekaza? Watoto wengi hufikia hapo wakiwa na takriban miezi sita. Kabla ya hapo, begi la fremu si lake. Kila hatua hutikisa kichwa, na akilala kidevu kinaweza kuangukia kifuani na kubana njia ya hewa.

Kwa mtoto mdogo zaidi, ni afadhali kitambaa au kibebeo laini cha kifuani, ambapo unauona uso wake muda wote, na safari iwe fupi.

Mbeleko haijapitwa na wakati. Kwenye njia tambarare na mwendo mfupi bado inafanya kazi vizuri. Shida huanza mteremko unapokuwa mkali na saa zinapoenda, kwa sababu uzito wote unakaa mabegani na mgongoni.

Piga hesabu ya kilo

Tuseme mtoto ana kilo 12. Begi tupu lina kilo 3. Weka maji lita 2, halafu chakula, nepi na sweta za kilo 2. Tayari umebeba kilo 19.

Mabegi mengi ya aina hii yana kikomo cha kati ya kilo 18 na 22. Soma lebo vizuri: baadhi ya kampuni huhesabu mtoto peke yake, nyingine hujumlisha mtoto, mzigo na begi lenyewe. Tofauti hiyo inaweza kuwa miezi mingi ya matumizi.

Mkanda wa kiunoni ndio injini

Begi zuri huhamishia sehemu kubwa ya uzito kwenye nyonga. Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, na ufungwe kwanza kabla ya kukaza mikanda ya mabega. Mabega yakianza kuuma baada ya dakika chache, huenda mkanda umekaa vibaya au urefu wa mgongo wa begi haukufai.

Kama baba na mama watapokezana, chagua begi ambalo urefu wake wa mgongoni unarekebishika.

Upande wa mtoto

• Mikanda ipite juu ya mabega yote mawili na kifuani, asiweze kusimama wala kuchomoka.
• Kiti kishikilie mapaja, magoti yawe sawa na makalio au juu kidogo.
• Miguu iwe na mahali pa kukanyaga. Ikining'inia muda mrefu hufa ganzi.
• Kidevu kiwe juu kidogo ya ukingo wa mbele wa kiti.
• Kuwe na kijipaa cha kuzuia jua.

Ukinunua la mtumba, vuta kila mkanda kwa nguvu, funga na kufungua kila kifungo, na kagua mishono na fremu. Mkanda mmoja ukikosekana, liache hata kama bei ni ya kutupa.

Jaribu kwa unga kwanza

Paketi tano za unga za kilo mbili ni kilo 10. Zipakie kwenye kiti, vaa begi, kisha panda na kushuka ngazi kwa dakika 20. Utajua mengi kuliko maelezo ya muuzaji.

Safari ya kwanza na mtoto iwe rahisi. Kwa wakazi wa Nairobi, njia pana za msitu wa Karura zinatosha kabla ya kufikiria Longonot, yenye urefu wa mita 2,776 na njia yenye mwinuko mkali na vumbi linaloteleza.

Kumbuka pia kwamba wewe unatokwa jasho lakini mtoto amekaa tu. Kwenye milima ya Ngong, upepo huohuo unaozungusha mitambo ya umeme unampiga yeye usoni. Mvalishe nguo moja zaidi yako, gusa mikono na miguu yake mara kwa mara, na mshushe anyooshe miguu angalau kila saa. Ukitaka kuokota kitu, chuchumaa. Ukiinama kiunoni, anaweza kumwagika kwa mbele. Na kwenye matawi, kumbuka kichwa chake kiko juu kuliko chako.

Akianza kulia bila kunyamaza, au mikono ikiwa baridi, geuza. Kilele kitakuwepo hata wiki ijayo.