Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi: namna bingwa wa dunia alivyopoteza mkanda nje ya ringi

Ukizungumuza juu ya ngumi pa Kongo, watu wengi watakukumbusha tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, siku Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman kule Kinshasa. Wale wawili walikuwa wageni, tena watu wa uzito wa juu. Lakini kuna mtoto aliyezaliwa huku kwetu Lubumbashi ambaye, miaka 13 nyuma ya ile siku, alikuwa bingwa wa dunia katika uzito mdogo zaidi. Jina lake ni Sumbu Kalambay, na jina lake halitajwi sana.

Kalambay alizaliwa mwaka wa 1956, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville. Alienda Italia, na kule ndiko alianza ngumi za kulipwa mwaka wa 1980. Akapata uraia wa Italia, na Waitalia wakamwita Patrizio. Kwa hiyo siku aliposhinda, bendera iliyopandishwa haikuwa ya Zaire.

Uzito wake ni ule unaoitwa uzito wa kati. Mpiganaji hapaswi kupita kilo 72 na nusu siku ya kupimwa. Katika uzito huo nguvu peke yake haitoshi. Mtu anahitaji miguu myepesi, macho na pumzi ya raundi 12. Kalambay alikuwa fundi wa kazi hiyo: mkono wa kushoto unatangulia, mwili unahama, adui anapiga hewa.

Alipitia mlango gani?

Njia haikuwa rahisi. Mwezi wa kumi na mbili 1985, kule Ancona, Italia, alipigania ubingwa wa Ulaya na Mwafrika mwenzake, Ayub Kalule wa Uganda, aliyekuwa anaishi Denmark na aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1979. Waamuzi hawakukubaliana, lakini wawili walimpa Kalule. Miezi michache kisha, Kalule akapigwa na Mwingereza Herol Graham.

Huyu Graham ashikwe vizuri katika kichwa, kwa sababu habari yote inamzunguka yeye.

Wakati ule bingwa mkubwa wa uzito wa kati alikuwa Mmarekani Marvin Hagler. Shirika la WBA lilimwambia apigane na Graham, aliyekuwa mpinzani wa lazima. Hagler akachagua kupigana na Sugar Ray Leonard, pambano la makuta mengi sana, mwezi wa ine 1987. WBA ikamnyang'anya mkanda wake. Mkanda ukabaki bila mwenyewe.

Graham angekuwa wa kwanza kuupigania. Lakini mwezi wa tano 1987, pale Wembley, London, Kalambay alimshinda kwa pointi na kumnyang'anya ubingwa wa Ulaya. Graham hakuwa ameshindwa hata mara moja mbele ya usiku ule. Nafasi yake ikaenda kwa mzaliwa wa Lubumbashi.

Tarehe 23 mwezi wa kumi 1987, mjini Livorno, Kalambay alikutana na Iran Barkley wa New York kwa ajili ya ule mkanda wa WBA. Akamshinda kwa pointi. Ili kuelewa uzito wa kazi ile: mwaka uliofuata, Barkley huyo huyo alimwangusha Thomas Hearns na kuwa bingwa wa shirika lingine, WBC.

Mwaka mmoja wa utukufu

Mwaka wa 1988 ulikuwa wake. Mwezi wa tatu, kule Pesaro, alimshinda Mike McCallum wa Jamaika, mtu ambaye hakuwa amejua kushindwa. Mwezi wa sita akamshinda Robbie Sims, ndugu ya Hagler kwa upande wa mama. Mwezi wa kumi na moja, Monte Carlo, akamwangusha Doug DeWitt katika raundi ya saba.

Sasa, namna gani bingwa wa nguvu hivi anapoteza mkanda bila kupigwa?

Jibu liko katika sheria za mashirika. Ngumi za kulipwa hazina shirikisho moja kama vile mupira una FIFA. Wakati ule kulikuwa WBA, WBC na IBF, na mwaka wa 1988 ikaongezeka WBO. Kila shirika lina mkanda wake, orodha yake na mpinzani wake wa lazima. Bingwa akipigania mkanda, shirika linapata sehemu ya pesa. Sheria ya mpinzani wa lazima ina faida: inakataza bingwa kujificha na kuchagua watu wepesi kila siku. Lakini inaweza pia kumfunga bingwa mikono, hata kama anataka kupigana na mtu mgumu zaidi.

Ndivyo ilivyomfikia Kalambay. WBA ilimtaka apigane tena na Graham, ambaye alikuwa amerudi juu ya orodha. Yeye akachagua Michael Nunn, bingwa wa IBF, ambaye hakuwa amepoteza pambano lolote. WBA ikafanya sawa ilivyofanya kwa Hagler, juu ya mpinzani yule yule: ikamnyang'anya mkanda. Mlango alioingilia, kwa huo alitolewa.

Tarehe 25 mwezi wa tatu 1989, Las Vegas, akapanda ringi bila mkanda wa WBA. Nunn alimpiga ngumi moja ya kushoto. Kalambay akaanguka, na pambano likaisha katika sekunde 88. Jarida la The Ring la Marekani liliichagua kuwa nokauti ya mwaka.

Watu wengi wa nje wanamkumbuka kwa zile sekunde 88 tu. Hiyo si haki. Mkanda aliouacha ulipiganiwa mwezi wa tano 1989 na watu wawili, McCallum na Graham, na McCallum akaushinda. Wote wawili, Kalambay alikuwa amekwisha kuwapiga.

Hakuacha kazi. Alirudi kuwa bingwa wa Ulaya. Mwaka wa 1991 alijaribu kuurudisha mkanda wa WBA mbele ya McCallum, na waamuzi wakagawanyika: wawili kwa McCallum, mmoja kwa Kalambay. Mwaka wa 1992 alimshinda Steve Collins wa Ireland, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Aliacha mwaka wa 1993, kisha kushindwa na Mwingereza Chris Pyatt. Mapambano 64: ushindi 57, kushindwa 6, sare 1. Kisha akawa mwalimu wa ngumi kule Italia.

Kwa kijana wa Lubumbashi anayevaa glavu leo na kuota mkanda, mazoezi ni nusu tu ya kazi. Nusu ingine ni kujua, mbele ya kutia sahihi kwenye kontra, shirika gani lina mkanda, nani ni mpinzani wa lazima, na kukataa kutaleta nini. Kalambay aliwashinda Graham, Barkley na McCallum ndani ya ringi. Mkanda wake uliondolewa mezani, kwa karatasi.