Matembezi binafsi ya abiria wa meli za kitalii

Matembezi binafsi ya abiria wa meli za kitalii ni safari fupi za nchi kavu ambazo abiria huzipanga wenyewe, bila kupitia kampuni ya meli, katika saa chache ambazo meli yao iko bandarini. Hutofautiana na matembezi yanayouzwa ndani ya meli, ambayo kampuni huyapanga pamoja na mawakala wake wa nchi kavu na kuyatoza bei yake yenyewe. Makala hii inaeleza jinsi matembezi hayo yanavyopangwa, na inatumia pwani ya kusini mwa Tanzania kama mfano, hasa swali moja ambalo mgeni anayeshuka Mtwara huwa nalo: je, anaweza kufika Newala au Masasi na kurudi kabla meli haijang'oa nanga?

Kwa nini abiria hujipangia

Sababu ya kwanza ni bei. Abiria wanne wanaokodi gari moja na kugawana gharama mara nyingi hulipa kidogo kuliko wangelipa kila mmoja kwa tiketi ya basi la meli. Sababu ya pili ni uhuru wa kukaa mahali kwa muda wanaoutaka. Ya tatu huzungumzwa kidogo, ingawa kwa wenyeji ndiyo kubwa: fedha hufika moja kwa moja mkononi mwa dereva, mwongozaji na mama lishe, bila kupita kwa watu kadhaa ambao kila mmoja hukata sehemu yake.

Si kila bandari inahitaji mpango. Malindi, Unguja, abiria akitoka getini yuko Mji Mkongwe tayari, na shida yake kubwa itakuwa papasi wanaomfuata. Kutoka Kilindini hadi Fort Jesus mjini Mombasa ni mwendo mfupi wa gari. Amerika Kusini, ambako safari hizi zimezoeleka sana, hali ni hiyo hiyo ya kutofautiana: gati la Ushuaia, Argentina, liko mjini kabisa, lakini meli zinazosemekana kwenda Santiago, Chile, hufunga Valparaíso au San Antonio, na mji mkuu wenyewe uko zaidi ya km 100 ndani ya nchi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutazama ramani. Jina la mji lililoandikwa kwenye ratiba ya meli halielezi umbali.

Meli haingoji

Kanuni inayotawala matembezi yote ya binafsi ni moja. Basi lililopangwa na kampuni ya meli likichelewa, meli kwa kawaida hulisubiri, au kampuni hubeba gharama za kuwafikisha abiria bandari inayofuata. Abiria aliyejipangia mwenyewe akichelewa, meli huondoka, na nauli, viza na malazi ya kuifuata ni juu yake.

Tukio lililojulikana sana ni la Machi 2024 katika kisiwa cha São Tomé, pwani ya magharibi ya Afrika. Abiria wanane wa meli Norwegian Dawn walikwenda matembezi ya binafsi wakachelewa. Walinzi wa pwani waliwapeleka kwa mashua hadi karibu na meli iliyokuwa bado imetia nanga, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Walisafiri hadi Gambia kuiwahi, na huko meli ikashindwa kufunga kwa sababu ya hali ya maji. Hatimaye waliipata Dakar, Senegal. Wengine waliona nahodha hana huruma. Wengine walisema ratiba ya watu zaidi ya elfu mbili haiwezi kufuata ya wanane. Mwandishi wa makala hii anaona upande wa pili una nguvu zaidi, ingawa mtu aliyeachwa gatini akiitazama meli yake hawezi kuambiwa hivyo.

Ndiyo maana abiria wazoefu hupanga kurudi bandarini saa mbili kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Hubeba nakala ya pasipoti, dawa zao, na karatasi ya siku inayotolewa melini, kwa kuwa karatasi hiyo huwa na jina na simu ya wakala wa meli katika bandari ile. Wakala huyo ndiye mtu wa kwanza kupigiwa gari likiharibika. Na abiria akiachwa, mara nyingi ndiye anayekabidhiwa pasipoti yake iliyokuwa melini.

Tatizo la saa

Katika Afrika ya Mashariki kuna mtego ambao vitabu vya wageni huutaja kwa mstari mmoja tu. Dereva akisema "saa kumi" anamaanisha saa kumi jioni. Mgeni aliyejifunza tarakimu za Kiswahili anasikia kumi akafikiri ni asubuhi, kwa hesabu ya kwao. Dereva naye, akiongea Kiingereza cha mitaani, anaweza kutafsiri tarakimu neno kwa neno, na kosa likawa la saa sita nzima. Dawa yake ni kuandika muda kwa mtindo wa saa 24, yaani 14:30 au 16:00, kwenye karatasi au kwenye ujumbe wa simu, kisha pande zote mbili zikubaliane.

Kuna mtego mwingine: saa ya meli si lazima iwe saa ya bandari. Tanzania iko saa moja mbele ya Msumbiji na saa moja nyuma ya Shelisheli. Meli iliyotoka Shelisheli ikibaki na saa zake, inapokuwa 17:00 melini, Mtwara ni 16:00. Abiria anayefuata simu yake, iliyojibadilisha kwa saa za Tanzania, atarudi akiwa amechelewa saa nzima bila kujua. Iliyotoka Pemba ya Msumbiji humpa kosa la upande mwingine: atarudi mapema na kukaa getini akisubiri.

Kushuka kwa mashua

Pale pasipo na gati la kutosha, meli hutia nanga mbali kidogo na abiria hushushwa kwa mashua. Kilwa ni mfano mzuri. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yako visiwani, na meli ndogo za kitalii hutia nanga karibu nayo. Kwa utaratibu wa kawaida mashua za kwanza huwabeba walionunua matembezi ya meli. Aliyejipangia husubiri zamu yake, na saa nzima inaweza kupotea hapo. Upepo pia unaweza kufuta mpango wote. Hutokea mara kwa mara Stanley, katika visiwa vya Falkland, ambako meli hulazimika kupita bila kushusha mtu. Kwa sababu hiyo haifai kulipa fedha zote mapema. Malipo kidogo ya kushikia nafasi, na mengine siku yenyewe, huwalinda wote wawili.

Mtwara na hesabu ya uwanda wa juu

Mtwara ina bandari ya asili yenye kina kirefu. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kushindwa, na leo kazi yake kubwa ni mizigo, hasa korosho na makaa ya mawe. Nyuma yake unaanza uwanda wa juu wa Makonde. Uwanda huu hupanda polepole kutoka baharini, kisha upande wa magharibi na kusini hukatika ghafla. Newala iko ukingoni pale. Mahali paitwapo Shimo la Mungu mtu husimama na kutazama chini bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Masasi iko chini ya ukingo, magharibi zaidi, katikati ya vilima vya mawe makubwa yaliyo wazi.

Wageni waliowahi kushuka melini na kwenda huko hawakuwa na haraka. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, wakashuka Lindi na kutembea kuelekea Ziwa Nyasa, lakini wakaishia Masasi, ambapo misheni ya UMCA ilianzishwa. Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani Karl Weule naye alishuka Lindi, akatembea na wapagazi hadi Masasi na baadaye Newala, akikusanya vinyago kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig. Safari yake ilichukua miezi.

Abiria wa leo ana saa. Tuseme meli inafunga 07:00, abiria wanaruhusiwa kutoka 08:00, na muda wa mwisho wa kupanda ni 16:30. Ukitoa saa mbili za tahadhari, gari lazima liwe Mtwara 14:30. Zimebaki saa sita na nusu.

Newala iko takriban km 140 kwa njia ya Tandahimba. Barabara hii ni sehemu ya km 210 za Mtwara–Newala–Masasi. Km 50 za kwanza, hadi Mnivata, ziliwekwa lami kwanza, na mikataba ya lami kwa km 160 zilizobaki ilifuata katika miaka ya 2020. Hata kwa saa tatu tu za kwenda na tatu za kurudi, mgeni angebaki na nusu saa ya kusimama Shimo la Mungu. Msimu wa meli katika Bahari ya Hindi pia, takriban Novemba hadi Aprili, ndio msimu wa mvua wa kusini, na gari likikwama kwenye kipande cha udongo hakuna hesabu tena. Masasi, kupitia Mnazi Mmoja, ni takriban km 200. Njia ni ya lami, lakini vijiji ni vingi, kila kimoja na kibao cha mwendo wa 50 na pengine askari mwenye tochi. Kwenda na kurudi huzidi saa zote zilizopo.

Jibu basi ni hapana, kwa meli ya siku moja. Dereva anayemwahidi mgeni Newala "chapuchapu" anacheza na safari ya mwenzake. Kwa siku moja panafaa Mikindani, km 10 hivi kutoka mjini, penye boma la Wajerumani la mwaka 1895 na ufuko ambao David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Msimbati nayo, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma, inawezekana kwa anayeondoka mapema.

Uwanda kushuka pwani

Hapo ndipo watu wa bara hukosa. Fedha za wageni huishia pale saa zinapoishia, na Newala iko nje ya mstari huo. Njia inayofaa ni kugeuza safari: kikundi cha ngoma ya sindimba au wachongaji washuke Mtwara jana yake, kwa makubaliano yaliyoandikwa na nauli iliyolipwa, nao wageni wawakute mjini. Wageni waambiwe ukweli pia. Vinyago vya mpingo vinavyouzwa kama "vya Newala" mara nyingi ni vya mtindo uliokua Dar es Salaam kwa mikono ya Wamakonde waliotoka Msumbiji. Midimu, wachezaji waliovaa barakoa, ni ya sherehe za jando na unyago baada ya mavuno, wakati ambao si msimu wa meli. Ikichezwa Januari kwa malipo ni maonyesho, na yaitwe maonyesho.

Makubaliano ya namna hiyo, kama ya gari, hutaja bei kwa gari au kwa mtu, nani analipa mafuta na viingilio, mahali pa kukutana (getini, kwa kuwa gari la nje haliingii bandarini bila kibali), na itakuwaje meli isipofika. Anayefanya biashara ya kuongoza watalii Tanzania anatakiwa awe na leseni, ambayo wenye kazi huiita TALA, na ni haki ya mgeni kuomba kuiona. Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, hivyo mgeni hubadilisha dola zake benki kabla ya kuondoka mjini.

Meli ikilala Mtwara usiku mmoja, hesabu yote hubadilika. Gari liondoke 08:00, mgeni alale Newala, aione Ruvuma asubuhi kabla ukungu haujaondoka bondeni, na saa tatu asubuhi awe njiani kurudi.